Gharama za kuendesha tovuti za mashabiki

Gharama za kuendesha tovuti za mashabiki ni fedha, vifaa na muda unaohitajika ili tovuti iliyoanzishwa na wapenzi wa kitabu, filamu, mchezo wa kompyuta, muziki au timu iendelee kupatikana kwenye intaneti. Tovuti nyingi za aina hii huanzishwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, bila mtaji na bila wafanyakazi wa kulipwa. Wasomaji huitumia bure, lakini seva, umeme na data hulipiwa na mtu fulani kila mwezi.

Tangu miaka ya 1990 swali la nani analipia seva limeamua mambo mengi katika historia ya jumuiya za mashabiki: kazi zipi zimebaki na zipi zimepotea, nani anaandika kanuni, na nani anafaidika na kazi ya watu wanaojitolea. Tangu mwaka 2023 swali hilo limekuwa gumu zaidi kwa sababu ya mashambulio ya mtandaoni na ya roboti zinazokusanya maandishi kwa ajili ya kufundisha programu za akili bandia.

Aina za tovuti za mashabiki

Tovuti za mashabiki ziko za namna mbalimbali. Zilizo kubwa zaidi ni hizi:

- Hifadhi za hadithi, ambako mashabiki huweka hadithi walizoandika wenyewe wakitumia wahusika wa vitabu au filamu wanazozipenda. Mifano ni FanFiction.net (iliyoanzishwa mwaka 1998) na Archive of Our Own, inayojulikana kwa kifupi kama AO3.
- Kamusi elezo za mashabiki zinazotumia mfumo wa wiki. Mifano ni Memory Alpha (iliyoanzishwa mwaka 2003) kuhusu Star Trek, wiki ya mchezo wa RuneScape na wiki ya mchezo wa Minecraft.
- Tovuti za majadiliano na shajara za mtandaoni, kama vile LiveJournal (1999) na Dreamwidth.

Kila aina ina mzigo wake. Hifadhi ya hadithi ina maandishi mengi na picha chache, lakini wasomaji hutafuta kwa vigezo vingi. Wiki ina picha nyingi, na kila ukurasa una historia ndefu ya masahihisho. Tovuti ya majadiliano hubadilika kila dakika.

Historia

Katika miaka ya 1990 mashabiki wengi waliweka kurasa zao kwenye huduma za bure. Iliyojulikana zaidi ilikuwa GeoCities, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kununuliwa na kampuni ya Yahoo mwaka 1999. Kampuni hiyo iliifunga huduma hiyo nchini Marekani tarehe 26 Oktoba 2009. Kikundi cha kujitolea cha Archive Team kilifaulu kunakili sehemu kubwa ya kurasa hizo kabla ya kufungwa, ila si zote. Wenye kurasa hawakuwa na sauti katika uamuzi huo, kwa kuwa seva hazikuwa zao.

Mwaka 2007 mambo mawili yalifuatana kwa karibu. Mwezi Mei LiveJournal ilifuta mamia ya akaunti, zikiwemo za jumuiya za mashabiki, ikiwa inaitikia malalamiko kuhusu maudhui. Kampuni iliomba radhi baadaye na kurudisha nyingi kati yake, lakini imani ilikuwa imepungua. Mwaka huohuo kampuni ya FanLib ilijaribu kuvuta waandishi wa hadithi za mashabiki kwenye tovuti ya kibiashara ambamo faida ingekwenda kwa kampuni. Ilifungwa mwaka 2008.

Katika mjadala kuhusu FanLib mwandishi wa riwaya Mmarekani Naomi Novik alipendekeza mashabiki wajenge hifadhi yao wenyewe, isiyo na matangazo na isiyotegemea kampuni yoyote. Kutokana na pendekezo hilo ilianzishwa Organization for Transformative Works (OTW), shirika lisilo la kibiashara lililosajiliwa Marekani. Hifadhi yake, AO3, ilifunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2009. Wazo la msingi lilikuwa kwamba mashabiki wamiliki seva zao.

AO3 ilifikisha kazi milioni 1 mwezi Februari 2014 na milioni 5 mwaka 2019. Kufikia mwaka 2023 kazi hizo zilikuwa zimezidi milioni 10. Mwaka 2019 tovuti ilipewa Tuzo ya Hugo katika sherehe iliyofanyika Dublin, Ueire.

Gharama zinatoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba gharama ya tovuti inategemea idadi ya wasomaji tu. Kwa kweli inategemea zaidi kazi ambayo seva inalazimika kufanya kwa kila ombi.

Data inayosafirishwa

Tuchukue mfano wa tovuti ndogo inayofunguliwa mara 10,000 kwa siku. Kama kila ukurasa ni maandishi matupu yenye ukubwa wa kilobaiti 50, seva inatuma megabaiti 500 kwa siku, yaani takriban gigabaiti 15 kwa mwezi. Huo ni mzigo mdogo unaobebwa hata na seva ya bei nafuu kabisa. Kama kila ukurasa una picha nne zenye kilobaiti 500 kila moja, ukubwa wa ukurasa unapita megabaiti 2, na tovuti inatuma zaidi ya gigabaiti 600 kwa mwezi. Wasomaji ni walewale, lakini mzigo umeongezeka mara 40.

Ndiyo sababu AO3 haihifadhi picha za wachoraji kwenye seva zake. Mtumiaji anaweza kuonyesha picha ndani ya kazi yake, lakini picha yenyewe lazima iwe imehifadhiwa mahali pengine. Uamuzi huo umepunguza gharama. Hasara yake ni kwamba tovuti ya nje ikifungwa, picha inatoweka ingawa hadithi inabaki.

Hifadhidata na utafutaji

Ukurasa ulioandaliwa tayari hutumwa kwa haraka. Ukurasa unaotengenezwa upya kwa kila msomaji ni mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu seva inapaswa kuuliza hifadhidata, kupanga majibu na kuunda ukurasa. Msomaji wa AO3 anaweza kuchagua hadithi kwa lugha, wahusika, urefu, tarehe na vigezo vingine vingi kwa pamoja. Kwa kazi hiyo tovuti inatumia programu maalumu ya utafutaji, Elasticsearch, pamoja na hifadhidata ya MySQL. Sehemu hii ndiyo inayochosha seva, si maandishi ya hadithi zenyewe.

Nakala za akiba na ulinzi

Tovuti isiyo na nakala za akiba inaweza kupotea kwa siku moja kama diski ikiharibika. Nakala zinapaswa kuwekwa mahali tofauti na seva kuu, na kujaribiwa mara kwa mara kama zinaweza kurudishwa. Gharama hii haionekani na wasomaji, na kwa hiyo ni ya kwanza kukatwa wakati fedha zinapopungua.

Kazi ya watu

Gharama kubwa kuliko zote huwa haiandikwi kwenye hesabu. Ni saa za watu wanaorekebisha programu, kujibu malalamiko, kufuta taka na kuamka usiku seva inapokwama. Katika OTW kuna mamia ya watu wanaojitolea, na karibu kazi yote ya kila siku inafanywa nao. Kama saa hizo zingelipwa kwa viwango vya soko, bajeti ya seva ingeonekana ndogo kando yake.

Njia za kulipia

Mtu mmoja anayelipa mwenyewe

Tovuti nyingi ndogo hulipiwa na mwanzilishi kutoka mfukoni mwake. Njia hii ni rahisi na haihitaji mikutano. Udhaifu wake ni kwamba uhai wa tovuti unafungwa na maisha ya mtu mmoja: akiugua, akikosa kazi au akichoka, tovuti inazimika. Jina la tovuti nalo likiwa limeandikishwa kwake peke yake, wenzake hawawezi kulihuisha hata wakiwa na fedha.

OTW ina mradi uitwao Open Doors unaopokea hifadhi zilizo katika hatari hiyo. Kazi huhamishiwa AO3 kwa makubaliano na msimamizi wa zamani, na waandishi hutaarifiwa ili waamue kama wanataka kazi zao zibaki. Miongoni mwa zilizopokelewa ni FictionAlley, hifadhi ya hadithi za Harry Potter iliyoanzishwa mwaka 2001.

Matangazo

Wiki nyingi za mashabiki ziko kwenye Fandom, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2004 na Jimmy Wales na Angela Beesley na iliyoitwa Wikia kwa muda mrefu. Kampuni inalipia seva zote, na waandishi hawatoi hata senti. Malipo yanatoka kwa matangazo yanayoonyeshwa kando ya kazi yao. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilinunuliwa na wawekezaji wa TPG, na mwezi Desemba mwaka huohuo ikachukua Gamepedia, iliyokuwa mshindani wake.

Mashabiki wengi wamelalamika kwamba matangazo yamekuwa mengi kiasi cha kufunika maandishi, hasa kwenye simu. Lakini wiki ikiamua kuhama, inakutana na tatizo la pekee. Maandishi yake yametolewa kwa leseni huria, kwa hiyo waandishi wana haki ya kuyanakili na kuondoka nayo. Leseni hiyohiyo inairuhusu kampuni kubaki na nakala. Nakala ya zamani inaendelea kuonekana juu katika matokeo ya Google kwa muda mrefu, na wasomaji wasiojua wanaendelea kuisoma hata kama haisahihishwi tena.

Matangazo huathiri pia maudhui. Mwaka 2012 Google iliondoa matangazo yake kwenye tovuti ya TV Tropes kwa sababu ya kurasa zilizohusu kazi za watu wazima. Wasimamizi walifuta kurasa kadhaa na kuweka kanuni mpya. Kanuni hizo hazikutokana na kura ya waandishi. Zilitokana na hitaji la kurudisha mapato.

Michango

AO3 haina matangazo wala huduma za kulipia. OTW huomba michango mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili na Oktoba. Anayetoa dola 10 za Marekani au zaidi anaweza kuwa mwanachama na kupiga kura katika uchaguzi wa bodi ya wakurugenzi. Shirika huchapisha bajeti yake kila mwaka, na wasomaji wanaweza kuona ni kiasi gani kinakwenda kwenye seva.

Kuna sababu ya kisheria pia. Hadithi za mashabiki hutumia wahusika ambao hakimiliki yao ni ya watu wengine. OTW inashikilia kwamba kazi hizo zinaruhusiwa na sheria ya Marekani kuhusu matumizi ya haki, na hoja hiyo ina nguvu zaidi pale ambapo hakuna anayepata faida. Kwa hiyo tovuti inakataza waandishi kuomba malipo au kutangaza biashara ndani ya kazi zao.

Njia ya michango imekosolewa. Baadhi ya mashabiki huuliza kwa nini shirika linaendelea kuomba wakati lina akiba kubwa benki. Wengine hujibu kwamba tovuti ya ukubwa huo inapaswa kuwa na akiba ya kununua seva mpya kwa ghafla au kulipa mawakili. Mwaka 2023 kampeni ya mashabiki iliitaka OTW ishughulikie zaidi ubaguzi wa rangi na unyanyasaji kwenye tovuti, na wakosoaji waliuliza kama fedha zilizopo zinatumika pale zinapohitajika zaidi. Mjadala huo unaonyesha jambo moja: anayechangia ana haki ya kuuliza, na mtumiaji wa tovuti ya matangazo hana.

Ada za hiari

Dreamwidth ilifunguliwa kwa umma mwaka 2009 na watu waliowahi kufanya kazi LiveJournal. Haina matangazo. Akaunti ya kawaida ni bure, na wanaotaka nafasi zaidi au vipengele vya ziada hulipa ada. Wachache wanaolipa wanabeba gharama ya wengi wasiolipa. Njia hii haileti utajiri, lakini mapato yake yanatabirika kuliko michango.

Mkataba na wenye mchezo

Mwezi Oktoba 2018 waandishi wa wiki ya RuneScape walihama kutoka Fandom na kuanzisha kampuni ndogo nchini Uingereza iitwayo Weird Gloop. Gharama zilibebwa kwa makubaliano na Jagex, kampuni inayotengeneza mchezo huo. Mwezi Septemba 2023 wiki ya Minecraft nayo ilihamia kwa Weird Gloop.

Njia hii inafaa pale ambapo mwenye mchezo anaona kwamba wiki nzuri inawasaidia wachezaji wake. Hatari yake ni utegemezi. Kampuni ikifilisika au ikibadili uongozi, mkataba unaweza kusitishwa. Pia si kila jumuiya ina mlezi wa namna hiyo: wapenzi wa kipindi cha televisheni kilichokwisha miaka 20 iliyopita hawana kampuni ya kuiendea.

Mbinu za kubana matumizi

Wasimamizi wenye bajeti ndogo hutumia mbinu kadhaa:

- Kashe: ukurasa ukishatengenezwa mara moja, nakala yake huhifadhiwa kwa muda na kutumwa kwa wasomaji wanaofuata. Wasomaji 100 wakifungua ukurasa uleule wa wiki, seva inautengeneza mara moja badala ya mara 100. Mbinu hii inafaa hasa kwa wageni ambao hawajaingia kwa akaunti, maana wote wanaona kitu kimoja.
- Kurasa tuli: tovuti ambayo haibadiliki tena, kwa mfano kumbukumbu ya tamasha lililopita, inaweza kugeuzwa kuwa mafaili ya kawaida yasiyohitaji hifadhidata. Gharama inashuka karibu na sifuri, na hatari ya kudukuliwa inapungua sana.
- Kupunguza picha: picha ya megabaiti 4 iliyopigwa kwa simu inaweza kubanwa hadi kilobaiti 200 bila msomaji wa kawaida kuona tofauti.
- Programu huria: MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, haina malipo ya leseni. Programu ya AO3 nayo ni huria.
- Kudhibiti ukuaji: anayetaka akaunti AO3 hujiandikisha katika foleni ya mialiko. Kusoma hakuhitaji akaunti, lakini foleni inazuia maelfu ya akaunti mpya kuingia kwa siku moja na kuizidi nguvu seva.
- Kumiliki au kukodi: OTW hununua seva zake yenyewe, njia inayohitaji fedha nyingi mwanzoni na watu wenye ujuzi. Tovuti ndogo hupata nafuu kwa kukodi. Huduma za wingu zinazotoza kwa kipimo cha matumizi zinaweza kuwa mtego, kwa sababu mwezi mmoja wenye wageni wengi kupita kawaida unaweza kuleta ankara ambayo jumuiya haiwezi kuilipa.

Mashambulio ya mwaka 2023

Tarehe 10 Julai 2023 AO3 ilizimwa na shambulio la kuzuia huduma, yaani mafuriko ya maombi bandia yanayotumwa kutoka kompyuta nyingi kwa pamoja. Kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kilidai kuhusika na kutaka kilipwe dola 30,000 kwa sarafu ya Bitcoin. Shirika halikulipa. Tovuti ilirudi hewani baada ya kuwekwa nyuma ya ngao ya kampuni ya Cloudflare. Mwezi Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan waliodaiwa kukiendesha kikundi hicho.

Tukio hilo lina maana kubwa kuliko siku zenyewe za kuzimwa. Tovuti iliyoanzishwa ili isitegemee kampuni ililazimika kupitisha wasomaji wake katika mitambo ya kampuni, kwa sababu hakuna kikundi cha kujitolea kinachoweza kununua mitambo ya kuhimili mafuriko ya ukubwa huo. Kumiliki seva hakutoshi tena kama njia ya kufikia seva hizo inaweza kuzibwa na mtu yeyote.

Roboti za akili bandia

Roboti za intaneti si jambo jipya. Google imekuwa ikipitia tovuti tangu ilipoanza, na wasimamizi waliikaribisha kwa sababu iliwaletea wasomaji. Roboti zinazokusanya maandishi ya kufundishia akili bandia ni tofauti: zinachukua kila kitu, mara nyingi zinarudi, na hazileti msomaji yeyote.

Mwezi Aprili 2025 Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, lilieleza kwamba data iliyotumwa kwa ajili ya kupakua picha, sauti na video ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 50 tangu Januari 2024. Asilimia 65 ya maombi yaliyokuwa ghali zaidi kwa shirika yalitoka kwa roboti, ilhali roboti zilichangia takriban asilimia 35 tu ya kurasa zilizofunguliwa.

Sababu ya tofauti hiyo inaeleweka kwa kuangalia jinsi kashe inavyofanya kazi. Wanadamu husoma kurasa zilezile zinazopendwa, na nakala zake ziko tayari. Roboti hufungua pia kurasa ambazo hakuna mtu anazisoma, na kila moja lazima itengenezwe upya. Wiki ndogo inaumia zaidi. Makala moja yenye matoleo 200 katika historia yake ina njia 19,900 za kulinganisha matoleo mawili, na roboti isiyo na adabu inaweza kuzifuata zote. Vilevile ukurasa wa utafutaji wenye vigezo 20 vya kuwasha na kuzima unaweza kuzaa kurasa zaidi ya milioni 1 zenye viungo tofauti, ingawa hadithi zilizomo ni chache.

Kwa hifadhi za hadithi kuna suala la haki pia. Mwezi Desemba 2022 OTW iliweka maagizo ya kuizuia roboti ya Common Crawl, ambayo mkusanyiko wake hutumika sana kufundishia akili bandia. Maagizo ya namna hiyo ni ombi tu. Roboti inaweza kuyapuuza. Mwezi Aprili 2025 ilibainika kwamba mtu mmoja alikuwa amenakili takriban kazi milioni 12.6 kutoka AO3 na kuziweka kwenye tovuti ya Hugging Face. OTW ilidai mkusanyiko huo uondolewe kwa kutumia sheria ya hakimiliki. Waandishi wengi walichagua kufunga kazi zao ili zisomwe na wenye akaunti tu.

Wasimamizi wameanza kujitetea. Mwaka 2025 ilitolewa programu huria iitwayo Anubis, inayoilazimisha kompyuta ya mgeni kufanya hesabu fupi kabla ya kuona ukurasa. Kwa msomaji mmoja ni sekunde chache. Kwa roboti inayotaka mamilioni ya kurasa ni gharama kubwa. Mwezi Julai 2025 Cloudflare ilianza kuzizuia roboti za akili bandia kwa wateja wake wapya kama utaratibu wa kawaida. Kila kinga ina bei yake. Hesabu hizo huwachelewesha wasomaji wenye simu za zamani, na kufunga kurasa kwa wasio na akaunti kunaondoa faida iliyowavutia watu wengi kwenye tovuti hizo, yaani kusoma bila kujiandikisha.

Hali katika Afrika ya Mashariki

Mashabiki wengi wanaotumia Kiswahili, wawe wa muziki wa Bongo Flava, wa filamu au wa timu kama Simba na Yanga, hukutana kwenye Facebook, Instagram, WhatsApp na YouTube. Huko hakuna ankara ya seva, na baadhi ya makampuni ya simu huuza vifurushi maalumu vya mitandao ya kijamii. Tovuti ya kujitegemea inashindana na urahisi huo huku ikilipia seva ambazo bei yake mara nyingi ni kwa dola, wakati waanzilishi wanapata kipato kwa shilingi.

Kuna pia gharama ya sheria. Nchini Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na majukwaa ya majadiliano kuomba leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Ada zake kwa pamoja zilifikia shilingi milioni 2.1 katika mwaka wa kwanza. Kwa jumuiya inayolipia seva ya bei nafuu, kiasi hicho kinaizidi gharama ya seva mara nyingi. Mwezi Juni 2018 JamiiForums, jukwaa kubwa lililoanzishwa mwaka 2006, ilisitisha huduma kwa muda kutokana na kanuni hizo. Kanuni mpya zilifuata mwaka 2020, na marekebisho mwaka 2022.

Kwa upande mwingine mashabiki wa Kiswahili wanaweza kutumia miundombinu iliyokwisha kulipiwa na wengine. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za kazi kwenye AO3. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inatumia seva za Wikimedia Foundation bila waandishi wake kulipa chochote. Hata hivyo kamusi elezo ya jumla haiwezi kubeba kila kitu: orodha ya kila tungo la bendi moja au muhtasari wa kila sehemu ya tamthilia una mahali pake kwenye wiki ya mashabiki, si hapa.

Tathmini

Ukilinganisha njia zote zilizotajwa, hakuna iliyo bure. Matangazo yanalipwa kwa nafasi kwenye ukurasa na kwa kanuni zinazompendeza mtangazaji. Michango inalipwa kwa uwazi wa hesabu na kwa mijadala isiyokwisha. Ada zinalipwa kwa ukuaji wa polepole. Mkataba na kampuni unalipwa kwa utegemezi. Mitandao ya kijamii inalipwa kwa kutokuwa na uhakika kwamba kilichoandikwa leo kitaonekana baada ya miaka 10.

Tovuti zilizodumu zinafanana katika mambo matatu. Kwanza, zilijua ni kipengele kipi kinachokula fedha, na zilikuwa tayari kukikataa hata kilipoombwa na watumiaji. Pili, jina la tovuti, nywila na nakala za akiba havikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Tatu, maandishi yaliweza kuhamishwa: iwe kwa leseni huria au kwa ridhaa ya waandishi, jumuiya iliweza kufunga mizigo na kuondoka mahali palipokuwa hapafai tena.

Suala lililobaki wazi ni roboti. Mpaka miaka ya karibuni tovuti ya maandishi ingeweza kukadiria gharama zake kwa kuhesabu wasomaji. Sasa mzigo unaweza kuongezeka maradufu bila msomaji hata mmoja kuongezeka, na wanaouleta si wachangiaji wala watazamaji wa matangazo. Tovuti kubwa zinaweza kujadiliana na makampuni hayo au kuyashtaki. Tovuti ndogo zina chaguo mbili tu, kulipa au kujifungia, na mwelekeo wa sasa unaonyesha kwamba nyingi zinajifungia.

Tazama pia

- Hakimiliki
- Intaneti
- Programu huria
- Wiki
- Wikipedia ya Kiswahili